Mang Pulo, Miaka Thelathini na Minane na Ua la Kapa-kapa

Waheshimiwa wafanyakazi wenzangu wa Bustani ya Mji wa San Telmo, salamu nyingi kwenu na kwa wote wa nyumbani kwenu. Naomba radhi: wasifu huu ulitakiwa Jumatatu, nami nauleta Alhamisi. Sikuchelewa kwa uzee. Nilikosa ujasiri.

Mang Crispulo Malabuyoc, mzee wetu Mang Pulo, anastaafu kesho, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na minane ya kuitunza kapa-kapa, mmea wa maua ya waridi uotao juu ya miti. Alianza na miche mitatu aliyoiokota mlimani Banahaw, juu ya mti ulioangushwa na kimbunga. Akaizidisha hadi themanini. Aliifunga kwenye vigogo kwa makumbi ya nazi, bila chembe ya udongo, kwa kuwa mizizi yake hutaka hewa. Kila Januari, ubaridi ulipoingia, alipunguza maji mpaka matumba yachomoze, ndipo akamwagilia kila asubuhi. Wageni walipomuuliza siri yake, alijibu, "Mmea ukiudekeza kama mkwe, utakula na kulala tu!" Marehemu mke wangu alikuwa akilikumbuka jibu hilo hata katikati ya misa, akaficha kicheko kwa leso.

Mwezi Machi, Injinia Ledesma, mkuu wetu mpya, aliamuru miche hamsini iteremshwe, ipandwe katika vyungu vya saruji vilivyojaa tope la mashamba ya mpunga, ipambe lango kwa sikukuu ya San Isidro.

"Injinia, huu si mpunga," Mang Pulo alimwambia mbele yetu sote. "Ukiifukia hiyo mizizi, unaizika hai."

"Mang Pulo, mmea gani usiotaka udongo? Au niupike na wali kabisa?"

Watu walicheka. Nasikitika kukiri kwamba nami nilicheka.

Wiki tatu baadaye majani yalikuwa meusi na mizizi imeoza. Ripoti ya Injinia ikatoka: miche imekufa kwa uzembe wa mtunzaji, hivyo asiruhusiwe kuwafundisha wapandaji wapya baada ya kustaafu, ingawa kufundisha ndilo ombi pekee alilowahi kuwasilisha. Ripoti ile niliiandika mimi kwa mkono, nikaitia sahihi kama shahidi. Masista wa misheni walinifundisha mwandiko mzuri na amri ya nane, usishuhudie uongo. Niliivunja amri kwa mwandiko huo huo.

Mniwie radhi kwa ukali wangu, lakini ule ulikuwa uongo, tena uongo wa aibu! Aliyetuonya ndiye tuliyembebesha kosa. Leo naiondoa sahihi yangu, na namtaka Injinia aiondoe yake kabla ya sherehe ya kesho. Miche thelathini iliyosalia juu ya miti imechanua yote. Nendeni mkaitazame.

Mang Pulo, ahsante kwa kazi yako, na unisamehe. Mungu akujalie siku nyingi za afya, na wanafunzi wanaostahili mikono yako.

Ofisi imeagiza niifute habari ya ripoti. Kwa hiyo waraka huu Aling Rosenda, mama anayefagia lango, ataupeleka moja kwa moja kwa mchapaji. Yeye, nilipomsogezea kalamu awe shahidi wa pili wa ripoti ile, alinirudishia bila kutia sahihi.

Anselmo Quiambao, karani