Bi Jokha Zahran na Kifungu cha Kumi na Moja

Mfanyakazi mwenzangu, kabla hujaenda mstari wa pili nakuomba sana: isome karatasi hii peke yako, usiitoe kopi, usiitaje kwenye ngazi wala chumba cha chai, na ukimaliza uichane. Wasifu utakaoukuta kwenye kijitabu cha sherehe nimeuandika mimi pia, kwa kuagizwa. Hauna uongo. Niliambiwa tu niandike mambo mepesi, nusu ukurasa.

Bi Jokha Zahran anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, baada ya miaka ishirini na moja katika idara yetu ya kuandika sheria. Alikuja mwaka 1985 akitokea kufundisha, na ualimu haukumtoka. Mpaka leo wakubwa wakipita mlangoni kwake hujikagua vifungo.

Desturi yetu ya kusoma kwa sauti aliikuta, lakini yeye ndiye aliyewafanya watu waiogope. Kama ujuavyo, siku ya kamati mmoja wetu hushika rasimu ya mwanzo na mwingine ya mwisho, wakasoma kwa zamu kifungu kwa kifungu, na penye tofauti husimama mpaka aliyebadilisha ajieleze mbele ya wote. Wasipokuwepo wasomaji wawili wa idara, kamati huipokea rasimu ya mwisho kama ilivyo. Mwenzake wa kusoma ni Bwana Muhiddin. Sauti zao zikitoka dirishani, wapita njia hudhani kuna darsa.

Barua pepe zilipotufikia mwaka 2001, kompyuta ilikuwa moja na ilitumia laini ya simu, kwa hiyo asubuhi nzima ilikwisha tukisubiri barua zishuke. Zikishuka, nyingi ni matangazo: saa za mkononi, bahati nasibu, dawa za nguvu za kiume. Bi Jokha, kwa mazoea yake, akalisoma moja kwa sauti mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyu nani kamwambia kwangu kuna mgonjwa?"

"Labda mumeo kamwandikia, Bi Jokha," Bwana Muhiddin akamtania.

"Mume wangu nshamzika, na hakuwa na lalamiko."

Tulicheka siku ile. Kicheko kilikwisha alipokuja Bi Khawla, mwenye nyumba ya wageni Malindi, hapa Unguja. Wageni wake humwandikia barua pepe kuomba vyumba, naye huzisoma kwenye duka la intaneti, analipa kwa saa. Kisanduku chake kilijaa matangazo mpaka barua za wageni zikawa zinarudishwa zilikotoka. Akawajibu wale watangazaji kwa adabu: tafadhali msiniletee tena. Yakaja mara tatu zaidi, maana jibu lake lilikuwa ushahidi kwamba anwani ina mtu. "Nimewaomba waondoke," alimwambia Bi Jokha, "wakaenda kuita jamaa zao."

Hapo ndipo kilipozaliwa kifungu cha kumi na moja cha kanuni za matangazo ya biashara kwa barua pepe. Bi Jokha alikiandika kwa sentensi moja: mtu asimpelekee mwenziwe tangazo kwa barua pepe mpaka kwanza apate ridhaa yake. Wakubwa wa ghorofani wakasema ni kikali, kitaua biashara. Akawajibu: "Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka. Haingii akakaa kitandani, akangoja nimwambie toka."

Sasa naandika yale yanayoninyima usingizi. Rasimu ya mwisho iliyoshuka mwezi huu ina kifungu cha kumi na moja kingine. Hiki kinaruhusu kila tangazo, mpaka mpokeaji akatae mwenyewe. Yaani kile kile kilichomtokea Bi Khawla kimefanywa kanuni. Hakuna aliyesema nani alikibadilisha. Tena Bi Jokha alikuwa amefunguliwa anwani mpya kwa ajili ya kamati tu, na hakuna aliyepewa isipokuwa wanakamati. Haikupita wiki, matangazo yakaanza kumfikia humo, yakimsalimia kwa jina lake na la baba yake. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mtu ameitoa anwani ile, na kwamba aliyeitoa atakuwemo chumbani kifungu kitakapopitishwa.

Kisha ikaja sherehe. Naibu wetu, Bwana Qais, alimwalika Bi Jokha mbele yetu sote chakula cha kumuaga, hotelini Nungwi, Alhamisi tarehe 29, basi liondoke saa mbili asubuhi. Alikubali, na nani angekataa karamu yake mwenyewe? Siku mbili baadaye kikao cha kamati, kilichokuwa kifanyike Jumatatu ya wiki hiyo, kikasogezwa mpaka Alhamisi hiyo hiyo, saa nne, hapa mjini. Bwana Muhiddin naye akapewa safari ya kikazi Pemba ya wiki nzima. Nilipouliza ni nani atakayesoma, nikaambiwa: "We Maisara, shughulika na kijitabu."

Bi Jokha anayajua yote haya. Alhamisi bado ni mfanyakazi na ana haki ya kusoma. Ijumaa ikipita, hana. Juzi alinikuta masjala akafunga mlango.

"Mwanangu, unasoma kwa sauti?"

"Nnasoma, Bi Jokha, lakini mkataba wangu wa muda anautia saini Bwana Qais."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza, sikuamrishi."

Nikamwuliza karamu je, watu watasema ana kiburi. Akasema: "Watasema. Biriani ikipoa itapashwa."

Kisha nikamwambia naam. Alhamisi saa nne yeye atashika rasimu ya mwanzo, nami nitashika ya mwisho. Sijui sauti yangu itatoka vipi. Ukiweza, usipande basi la Nungwi. Njoo ukae nyuma ya chumba cha kamati, husemi neno, ila ionekane kwamba hatuko wawili tu.

Bi Jokha, tunakushukuru kwa kila neno ulilotusimamisha tukalitazama tena. Mola akupe afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, wajukuu watiifu na nyumba isiyoingiwa na mtu usiyemtaka. Maisha mema, mwalimu wetu.

Ukitaka kunipata, usiniandikie barua pepe, na usipige simu ya mezani kwa kuwa hupokelewa ghorofani. Njoo masjala wakati wa chai, useme unaulizia likizo yako. Baada ya Alhamisi, ukiambiwa Maisara hayupo tena, usibishane na usiulize sababu. Njoo mtaa wa Mpendae, uulize kwa Mwanakheir anayeshona kofia za viua, utaonyeshwa. Mimi ni mwanawe. Utanikuta, na nitakueleza kifungu kilivyosomwa, neno kwa neno.