Saini Kumi na Nane Dhidi ya Kipimo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Muda huu ni wa mtu mmoja. Tuliosoma kwake tulimwita Kipimo. Alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na kwa msimu mmoja tu alikuwa kocha wa timu yetu ya mpira wa miguu. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na moja. Kwa uliyefungua redio sasa hivi, narudia: Kipimo, fundi wa maabara, amefariki.

Kwa kawaida huwasimulia habari za watu nisiowajua. Leo sivyo. Mimi nilikuwa beki wa kushoto wa timu ile.

Jina la Kipimo alilipata kazini. Akimimina kitu kwenye chupa, aliinama mpaka jicho lake likae sawa na mstari. Hata chai ya walimu aliimimina hivyo. Basi kocha wetu alipohamishwa, timu ikakosa mtu. Walimu wote wakawa na shughuli ghafla. Kipimo akainua mkono.

Mkewe ananiambia: "Nilimuuliza, wewe hata mvua huikimbii, utawafundisha nini watoto wa watu? Akasema, nitatazama kwanza."

Mechi ya kwanza tulifungwa sita kwa bila. Narudia, sita kwa bila. Mabao manne yalipita upande wangu. Wenzangu wakanibatiza Geti, kwa sababu kila mtu aliingia bila kupiga hodi.

Kesho yake Kipimo alituketisha maabara, kwenye zile stuli ndefu. Akasema, "Kila mtu aniambie alichokiona yeye. Makosa ya mwenzako sitaki kuyasikia."

Kipa akasema, "Mimi niliona jua."

Tulicheka. Kipimo hakucheka. Akaandika ubaoni: jua. Tangu siku hiyo nahodha wetu akishinda kura ya sarafu, alichagua goli lenye jua mgongoni. Hakuna kocha aliyewahi kutuambia hivyo.

Mechi ya pili, nne kwa bila. Ya tatu, tatu kwa moja. Lile bao letu tulilishangilia mpaka refa akatuuliza kama tunajua nani anaongoza.

Sita, nne, tatu. Kipimo alikuwa anaona namba zinashuka. Sisi tulikuwa tunasikia vicheko vya gwaride la asubuhi.

Mimi alinibakiza kila jioni, wenzangu wakishaondoka. Alisimama nyuma yangu na kunishika mabega. "Mwanangu, miguu ya winga itakudanganya. Tazama kiuno chake." Kisha ananipigia krosi, moja baada ya nyingine, na viatu vyake vya kazini. Alipiga vibaya sana. Lakini alipiga.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa. Naibu mkuu wa shule alikuwa rafiki wa Kipimo tangu utoto. Ndiye aliyesimama naye siku ya harusi. Watoto wa Kipimo walimwita baba mdogo. Baada ya kipigo cha tatu, naibu mkuu alituita ofisini kwake wakati wa mapumziko. Mezani palikuwa na barua imeshapigwa chapa. Ilisema wachezaji hawana imani na kocha.

"Vijana," akasema, "mnataka kuchekwa mpaka lini?"

Nahodha akatia saini. Kipa akatia saini. Wa tatu nilikuwa mimi. Tulikuwa wachezaji kumi na nane, na saini zilikuwa kumi na nane. Hakuna aliyetushika mkono kwa nguvu. Jioni ile ile nilikwenda mazoezini, na Kipimo akanipigia krosi thelathini.

Barua ikalala kwenye droo. Hatukujua kwa nini. Mechi ya nne tukatoka sare. Ya tano tukashinda. Ya sita, ya saba, ya nane, tukashinda. Winga waliokuwa wakinipita kama upepo wakaanza kuhamia upande wa pili kutafuta njia. Jina la Geti likabaki, ila sasa lilikuwa geti lililofungwa. Gwaridani watu wakapiga makofi. Tukaingia nusu fainali, na ile barua tukaisahau. Naibu mkuu hakuisahau. Timu ilipokuwa aibu, aliiacha kwa rafiki yake. Ilipokuwa sifa, aliitaka.

Siku tatu kabla ya nusu fainali aliingia maabara tukiwa kwenye kikao. Akasema uongozi umepokea malalamiko, na kuanzia leo timu iko chini yake. Kipimo akauliza, "Malalamiko ya nani?"

Naibu mkuu akasoma majina yetu, moja moja, yote kumi na nane. Kila jina likitajwa, Kipimo alimtazama mwenye jina hilo. Lilipotajwa la kwangu, nilitazama sakafu.

Akauliza, "Ya tarehe ngapi?"

Akatajiwa tarehe.

Akanigeukia. "Siku hiyo nilikupigia krosi thelathini," akasema. Akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani, akaenda kuosha chupa zake.

Kombe tulilichukua. Kwenye picha amelibeba naibu mkuu. Sisi tumejipanga nyuma yake, tunacheka.

Kipimo alibaki maabara ile miaka kumi na tisa zaidi. Uwanjani hakukanyaga tena. Mkewe anakumbuka alivyorudi siku ile: "Alikaa bila kuvua viatu. Akaniambia, yule ni mtu mzima, ana tamaa zake, nitamzoea. Lakini wale watoto nimewalea mimi."

Binti yake mkubwa naye ameniambia: "Baba hakuwahi kuwasema vibaya. Hakuwasema kabisa. Sisi nyumbani tulijua hilo jambo haliguswi."

Miaka miwili iliyopita nilikwenda kumtembelea. Alikuwa ameshaanza kuumwa figo. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za watoto wangu. Mwishowe nikajikaza. "Mzee, kuhusu ile barua. Tulikuwa watoto."

Akaniangalia. "Ulikuwa na miaka kumi na saba," akasema. "Kusoma ulikuwa unajua."

Nikabadilisha mazungumzo. Nikasifu bustani yake. Neno nililotumwa na moyo wangu kulisema, nilirudi nalo nyumbani.

Juzi tulimzika. Wachezaji tulifika tisa. Naibu mkuu wa zamani alikuja na mkongojo, akaomba nafasi ya kusema machache juu ya rafiki yake. Mjane akamjibu kwa upole, sote tukisikia: "Shemeji, ulishasema."

Kwa mjane wa Kipimo, kwa mabinti zake wawili na wajukuu, poleni sana. Mmempoteza mtu aliyetutazama sisi tulipokuwa hatutazamiki, na tukamlipa mateke.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu uliyemtia kisu mgongoni na bado anapumua, nenda. Usimweleze umri uliokuwa nao. Mwambie samahani, kisha unyamaze. Mimi nimeisema leo, na wanaonisikia ni maelfu. Yeye hayumo.