Bathsheba Akoth, Aliyekataa Kuuita Unga wa Maganda Dawa

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, mvua ilinyesha Magunga tangu alfajiri, na mkunga akashindwa kuvuka mto. Nyanya ya mtoto alimpokea mwenyewe, akamwita Akoth, jina la Kijaluo la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua.

Marehemu Bathsheba alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1981. Mwaka 1985 aliolewa na Mzee Fanuel Ochola, fundi wa mashua wa kisiwa cha wavuvi cha Takawiri.

Alikuwa muuza maembe hadi Agosti 2014, alipohudhuria semina mjini Homa Bay. Huko alijifunza kwamba maganda na kokwa za embe tunazotupa zina viini vinavyokinga mwili, vingine vingi kuliko vilivyo kwenye nyama ya tunda. Alirudi akaanza kuyaosha maganda, kuyakausha na kuyasaga. Maganda ya kwanza aliyaanika kwenye neti kando ya omena, dagaa wa ziwani. Jirani yake Metrine alionja uji wa unga huo, akakunja uso.

“Mama Levi, hii ni embe ama samaki?”

“Ni embe, lakini imeolewa Takawiri.”

Baada ya hapo alijenga vichanja vyake mwenyewe, mbali na omena. Kufikia 2019 aliongoza kikundi cha wanawake ishirini na wawili.

Mwaka 2022, Motari, mfanyabiashara kutoka Migori, aliahidi kununua unga wote iwapo pakiti zingeandikwa kwamba unatibu kisukari.

“Mama, andika tu. Nani atajua?”

“Mimi. Ndugu yangu, nauza chakula.”

Motari hakurudi. Wengine kikundini walinuna, lakini pakiti hazikubadilishwa.

Marehemu alituacha Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, figo zake zikiwa zimeharibiwa na kisukari. Ameacha mumewe, watoto wake Levi, Valary na Mourine, kaka yake Joash, na wajukuu saba. Mungu ampe pumziko jema.

Kwa wanaouliza iweje mama wa unga augue sukari, yeye mwenyewe alishajibu. Alipopata majibu ya hospitali, Alhamisi tarehe 6 Machi mwaka huu, wanakikundi walikuja nyumbani kumsihi afiche.

“Mama Levi, watu wakijua, nani atanunua tena?” Metrine alimuuliza.

Aliwapa chai, akawasikiliza hadi mwisho, akawasindikiza. Asubuhi iliyofuata alivuka ziwa hadi soko la Mbita, akapanga pakiti mezani, na akamwambia kila mteja kabla hajanunua: “Mimi niko na sukari. Hii ni chakula. Dawa ya hospitali usiache.”