Mzee Lilale na Gari Alilolikataa Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi, mkaguzi mkuu wa yadi yetu ya magari anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28, saa kumi jioni. Saa tumeitaja kwa sababu yeye mwenyewe ameitaja. Alipoulizwa kama angependa kutoka mapema siku yake ya mwisho, alijibu kwamba kazi inaisha saa kumi.

Wateja wengi wanamfahamu kwa jina la Mzee Lilale, na barua zisizopungua mbili zimewahi kufika mapokezi zikiwa zimeandikwa "Kwa Bw. Lilale, Idara ya Ukaguzi". Si jina lake. Ni neno analolisema karibu kila siku, na tutafika huko.

Aliajiriwa kama fundi wa bodi, enzi ambazo yadi ilikuwa banda moja la mabati na mashine moja ya kupulizia rangi iliyokuwa ikikoroma. Kwa miaka kumi na miwili alinyoosha milango na mabampa. Kazi hiyo ilimfundisha kusoma gari kwa kiganja. Akipitisha mkono kwenye mlango anajua kama umewahi kunyooshwa, na mara nyingi anajua pia kwamba aliyeunyoosha alikuwa na haraka.

Kampuni ilipoanza kuuza magari ya kifahari yaliyotumika, yenye cheti cha ukaguzi, ilihitaji mtu wa kutia sahihi kwenye cheti. Mkurugenzi wa wakati huo alimwita ofisini, akampa fomu yenye vipengele mia moja arobaini na sita, akamuuliza kama ataiweza. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akasema imesahau mikanda.

Alimaanisha mikanda ya viti; kipengele kikaongezwa, vikawa mia moja arobaini na saba. Kila gari linaloingia kwake, anauvuta mkanda mpaka mwisho, sehemu ambayo dereva wa kawaida haioni maisha yake yote, anatafuta mstari wa matope. Gari lililozama kwenye mafuriko linaweza kuoshwa, kung'arishwa na kunyunyiziwa manukato, lakini wanaolisafisha husahau kile kilichojikunja ndani ya nguzo ya mlango. Kwa mkanda peke yake amewarudishia wenyewe magari kumi na moja, likiwemo moja lililonukia vizuri kiasi kwamba makarani walikuwa wanapita karibu nalo makusudi.

Neno "lilale" lilitokana na kosa lake, na yeye ndiye wa kwanza kuwasimulia wageni. Katika mwaka wa pili wa vyeti, bwana harusi mmoja alitaka gari lake haraka. Lilikuwa na springi za hewa, zile zinazolibeba gari kwa mifuko ya mpira iliyojazwa upepo badala ya chuma. Mzee alilikagua Ijumaa mchana, likapita kila kipengele, akatia sahihi, likaondoka. Jumamosi, watu wakiwa bado mezani ukumbini, springi moja iliyokuwa ikivuja taratibu ilimaliza upepo wake. Maharusi walipotoka walikuta gari limeinama upande mmoja kama linatafuta kitu kilichoanguka. Picha ipo. Shangazi wa bibi harusi alisema ndoa hiyo itazamwe kwa makini.

Jumatatu asubuhi Mzee alikwenda mwenyewe nyumbani kwa maharusi, akaomba radhi, akakichana cheti mbele yao na kulirudisha gari gereji. Tangu siku hiyo hakuna gari linalopata sahihi yake kabla ya kulala. Analiegesha kwenye sakafu iliyosawazishwa, anachukua tepu ya fundi cherehani aliyoiazima kwa mke wake miaka kumi na minane iliyopita, anapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu. Asubuhi anapima tena. Wauzaji wamembembeleza, wamemnunia, wamemletea chai. Jibu limekuwa lile lile: "Lilale kwanza."

Lakini watu hawakumfuata kwa ajili ya tepu tu. Walimfuata na swali ambalo kila mnunuzi wa gari la namna hii analo, hata asipolisema: je, bei hii ni halali yake, au nanunua jina na matatizo ya mwenzangu? Mzee aliwakalisha kwenye kibao chake cha gereji na kuwauliza yeye. Unakaa wapi? Barabara ya kwenu ikoje? Kwa siku unakwenda umbali gani? Nani atakaa nyuma? Kuhusu cheti, aliwaambia wote jambo moja. "Cheti hakisemi gari ni jipya. Kinasema kuna mtu amelitazama, na jina lake hili hapa." Na kuhusu bei aliwaambia kwamba imeshuka kweli, ila vipuri bado havijaambiwa.

Mfamasia mmoja aliyekuja na pesa zake tayari alitoka kwenye kibao kile na kwenda kununua gari la kawaida kwenye yadi nyingine. Muuzaji aliyekuwa anamhudumia, ambaye leo ndiye mkuu wetu wa mauzo, hakumsemesha Mzee kwa wiki mbili. Walikuwa wanapeana fomu kupitia kwa mlinzi. Mfamasia alirudi mwaka wa tano baada ya hapo, safari hii akiwa na duka la pili na kaka zake wawili, na wote watatu waliondoka na magari yetu. Tangu hapo mkuu wa mauzo akipata mteja anayesitasita, anamwambia, "Nenda kamuone baba yangu pale gereji." Si baba yake. Mteja huambiwa hivyo tu.

Kipengele cha mia moja arobaini na nane kilizaliwa wakati huo. Mzee alikiongeza chini ya fomu kwa kalamu, na tulipochapisha fomu mpya tukakiweka rasmi. Kinauliza: "Litamfaa anayelichukua?" Akiandika "Hapana", gari linabaki yadi mpaka apatikane mteja mwingine. Hakuna mkurugenzi aliyewahi kuifuta "Hapana" yake.

Hapo ndipo kamati ya kumuaga ilipojikwaa mwezi huu.

Mzee huyajaribu magari ya yadi barabarani kila siku, ila hajawahi kumiliki lake. Anakuja kazini kwa baiskeli, dakika ishirini na tano, na akiulizwa anasema magari anayaona ya kutosha. Lakini mke wake, fundi cherehani ambaye wengi wetu tunamwita shemeji, ana miaka mitatu sasa anasumbuliwa na nyonga. Mara mbili kwa wiki anakwenda mazoezi hospitali kwa gari la kukodi, na kiti cha gari lile kiko chini mno. Siku za mazoezi, Mzee hula chakula cha mchana akiwa ameweka simu mezani. Kamati iliona. Kampuni ikakubali kutoa gari moja kati ya yale ya yadi: la miaka sita, samawati iliyokolea, mmiliki mmoja, viti virefu vya ngozi. Tukapanga apelekewe kama gari lolote la kukaguliwa, ili zawadi yake iwe na sahihi ambayo sote tunaiamini. Hatukumwambia ni la nani.

Alilipima jioni, akalipima asubuhi. Nyuma kushoto lilikuwa limeshuka vidole viwili. Akalikataa.

Gereji ikabadilisha springi zote mbili za nyuma. Gari likalala mara ya pili, likaamka lilivyolala, likapita vipengele mia moja arobaini na saba. Ndipo akafika kwenye cha mwisho na kumwita mkuu wa mauzo.

"Mteja ni nani?"

Mkuu wa mauzo hakuwa amejiandaa, akasema kweli bila jina: bwana mmoja anayekaribia kustaafu, anakaa kilomita saba kutoka hapa.

"Amewahi kuwa na gari?"

"Hapana, mzee wangu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na anataka kuanzia huku juu?" Mzee alifunga boneti. "Mwanangu, huyo mtu anataka kumfurahisha nani, jirani zake? Pensheni na gari hili haviwezi kukaa nyumba moja. Mwambie anunue baiskeli nzuri."

Mkuu wa mauzo akasema kwamba mke wa huyo bwana ana matatizo ya nyonga. Mzee alifuta mikono, akasema hilo analifahamu, na kwamba ndiyo sababu haswa: mtu mwenye mgonjwa nyumbani hapaswi kubebeshwa gari litakalomfilisi. Akaandika "Hapana".

Watu wameuliza inawezekanaje hakushtukia. Jibu ni kwamba alikuwa anatazama gari. Mtu anayeona tope ndani ya nguzo hakujiona mwenyewe kwenye maelezo ya mteja.

Kamati ilikutana siku hiyo hiyo ikiwa na gari zuri ambalo mstaafu wake, kwa utaalamu wote alionao, ameshauri mstaafu asilichukue. Tungeweza kumpa bila cheti, na ingekuwa kama kumwambia kwamba miaka yote ile tulikuwa tunamvumilia tu. Afisa utumishi alipendekeza saa ya ukutani. Pendekezo lake halikuingia hata kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwishowe mkuu wa mauzo alirudi gereji, akakaa mwenyewe kwenye kile kibao cha wateja, akauliza nini kinaweza kugeuza ile "Hapana". Mzee aliigeuza fomu na kuandika nyuma yake. Gari lihudumiwe hapa hapa, na kampuni ibebe matengenezo na vipuri kwa miaka mitano, kwa maandishi. Na mke aje alikalie mwenyewe, robo saa nzima. "Nyonga haisemi kweli dakika ya kwanza," alisema.

Mkurugenzi alitia sahihi ahadi ya miaka mitano mchana huo. Lililobaki lilikuwa la shemeji.

Tulimleta Jumanne, wakati Mzee amekwenda makao makuu kushughulikia mafao yake. Aliambiwa siri yote mlangoni. Akaingia kiti cha mbele cha abiria, mguu mmoja, kisha mwingine. Mkuu wa mauzo alisimama pembeni na saa. Shemeji alisogeza kiti, akaegemea, akatazama mbele kwenye ukuta wa gereji kana kwamba una cha kutazamwa. Robo saa ilipoisha alisema, "Nimekaa mpaka nimesahau kama nimekaa."

Kisha akauliza, "Na yeye amelipitisha?"

Bado, mama, akaambiwa.

"Basi msinipe moyo. Asipolipitisha, mimi silitaki. Nitapanda lile la kukodi."

Jumatano asubuhi mkuu wa mauzo alimpelekea Mzee karatasi ya mkurugenzi pamoja na maneno ya mke wa mteja, kama yalivyosemwa. Mzee aliisoma karatasi mara mbili. Akauliza kama kweli mama huyo alikaa robo saa au waliona aibu wakamkatiza. Akaambiwa alikaa yote. Akauliza kama maneno yale ni yake au ni ya watu wa mauzo.

"Ni yake, mzee wangu. Nilikuwepo."

Akakata "Hapana", akaandika "Ndiyo", akatia sahihi. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: "Mama akae mbele. Asiharakishwe kuingia." Ilikuwa saa tano na dakika kumi, tarehe 26, na hicho ndicho cheti cha mwisho cha kazi yake. Kabla yake ametia sahihi vingine elfu mbili mia tatu na kumi na tano. Wakaguzi watatu aliowafundisha wanabaki, na wote watatu wanavuta mkanda mpaka mwisho bila kuambiwa.

Jarida hili lilichapwa jana na nakala zake zikafichwa ndani ya buti la gari lenyewe, mahali pekee ambapo tulijua alikwisha kupakagua. Linagawiwa ukumbini saa kumi kamili, wala si kabla, kwa sababu kazi inaisha saa kumi.

Kwa hiyo, Mzee, wakati unasoma hapa sasa unaelewa kwa nini mkuu wa mauzo hakukutazama usoni kwa wiki nzima. Yule bwana asiyewahi kuwa na gari ni wewe. Uliyemkatalia ni wewe, na uliyempigania akapata miaka mitano kwa maandishi ni wewe pia. Tunakushukuru kwa kila gari ulilolizuia lisitoke, kwa kila mteja uliyemrudisha nyumbani na pesa zake, na kwa kutufanya tuweze kuuza kitu huku tukiwatazama watu machoni. Sisi tulioishi kwa sahihi yako tunakutakia uzee mwepesi, afya kwako na kwa shemeji, na safari fupi nyingi.

Hotuba ni nne na zote ni ndefu. Zitasubiri. Mkeo yuko nje, mlango wa mbele wa ukumbi, ameshaingia garini bila kuharakishwa na mtu, na kiti cha dereva kiko wazi.