Mama Ngoja Kwanza, Mkaguzi wa Viuatilifu (1961–2023)

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, katika nyumba ya pili kutoka ghala la mahindi, mtoto wa mwisho kati ya wawili. Wa kwanza alikuwa kaka yake, ambaye sisi watoto tunamwita Mjomba. Baba yao, mkulima, alifariki Mjomba akiwa kidato cha pili. Mjomba aliacha shule akashika jembe ili mdogo wake asome. Mama hakuwahi kulizungumzia jambo hilo bila kwanza kukaa chini.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea stashahada ya kilimo katika chuo cha serikali na kuhitimu Novemba 1982. Walimu walimsifu kwa uangalifu wake. Wanafunzi wenzake walimlalamikia kwa uangalifu huo huo, kwani alipima kila kitu mara mbili huku wao wakisubiri zamu ya mizani na njaa ikiwauma.

Tarehe 20 Aprili 1985 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa pampu za maji. Msajili wa ndoa alipomsogezea cheti atie sahihi, alikisoma chote, akainua kalamu na kusema, "Ngoja kwanza." Baba alitokwa na jasho. Mjomba akapaza sauti kutoka nyuma: "Shemeji, kimbia! Mlango bado uko wazi!" Kumbe mwaka ulikuwa umeandikwa vibaya. Cheti kilirekebishwa, watu wakacheka hadi machozi, na tangu siku hiyo akaitwa Ngoja Kwanza, nyumbani na hata kazini. Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu.

Aliajiriwa mwaka 1983 kama bibi shamba, na mwaka 1998 akapandishwa cheo kuwa mkaguzi wa viuatilifu wa wilaya. Ofisi yake ilikuwa chumba chenye dirisha moja nyuma ya stoo ya pembejeo, ambako harufu ya dawa ilikaa hata kwenye mapazia. Kwa wasioijua kazi hiyo: ipo dawa ya wadudu iliyofutiwa usajili kwa sababu ya madhara yake kwa watu. Wadudu wakivamia mashamba na dawa nyingine zikashindwa, serikali inaweza kutoa kibali cha dharura ili dawa hiyo itumike kwa msimu mmoja tu. Kibali hakitoki bila pendekezo la mkaguzi.

Mwaka 2011 viwavijeshi walivamia mahindi. Mama alipendekeza, kibali kikatoka, mavuno yakaokoka, na Mjomba alikuja kwetu akicheza tangu barabarani hadi mlangoni. Msimu uliofuata viwavi walikuwa wa kuokoteza, lakini wakulima waliomba tena, Mjomba akiwa msemaji wao. Mama alipendekeza tena. Ikawa hivyo kila msimu. Siku moja mezani Baba alimuuliza, "Mama watoto, hii dharura yenu mbona inakuja kila mwaka kama mitihani ya shule?" Mama alicheka, lakini hakumaliza chakula chake.

Machi 2017 wanawake wanne waliokuwa wakipalilia walifikishwa zahanati wakitapika. Mmoja wao ni jirani yetu, ambaye mikono yake inatetemeka hadi leo. Masharti ya kibali yalitaka shamba lililopuliziwa lizungushiwe vitambaa vyekundu, na mtu asiingie hadi muda utimie. Vitambaa vilikuwa vimeng'olewa mapema. Shamba lilikuwa la Mjomba. Mama alimfuata huko huko, mbele ya vibarua.

"Kaka, nani aling'oa vitambaa?"

"Mimi. Magugu hayana subira, mdogo wangu. Na dawa yenyewe, si wewe uliyeiruhusu?"



Msimu uliofuata Mama alikataa kupendekeza, na kibali hakikutoka. Msimu huo viwavijeshi walikuja kwa wingi kuliko hata mwaka 2011, na dawa zilizoruhusiwa zilichelewa kufika. Shamba la Mjomba lilibaki mabua matupu. Alikuja akasimama kwenye ngazi za ofisi, watumishi wote wakisikia: "Miaka sita wadudu hawapo, unasema ndiyo. Mwaka wamekuja kweli, ndipo unaniambia ngoja kwanza?" Hakukanyaga tena nyumbani kwetu.

Wapo wanaosema Mama alitenda haki, na wapo wanaosema aliwanyima watu chakula. Wote wamo miongoni mwenu leo. Yeye mwenyewe alisema, "Nilichelewa kukataa, halafu nikakataa mwaka usiofaa." Kila Jumamosi, hadi miguu ilipomkatalia, alikwenda kumfulia nguo jirani yetu yule.

Alistaafu Juni 2021. Februari 2022 alibainika kuwa na maradhi ya figo. Madaktari hawakuweza kusema kama kazi yake ilichangia, na yeye alitukataza kusema kwa niaba yao. Tarehe 2 Agosti 2023 alilazwa hospitali ya wilaya. Huko alimwomba binti yake mkubwa ampigie Mjomba simu. Mjomba alipokea, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwambie nimesikia," akakata. Mama alipoelezwa aliuliza, "Alisema kwa sauti gani?" Kuhusu wasifu huu aliagiza, "Msinipake rangi. Vitambaa viandikwe, na mahindi yaliyoliwa yaandikwe." Alifariki dunia tarehe 11 Agosti 2023, saa nne asubuhi.

Mama ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na kaka mmoja. Wasifu huu ulipopelekwa kuchapwa, hatukuwa tunajua kama Mjomba atakuja. Katika utaratibu wa leo yeye ndiye wa kwanza kuweka udongo, kabla ya Baba na kabla yetu, kwa kuwa Mama alitaka iwe hivyo. Ataitwa. Asipokuwepo, nafasi hiyo haitachukuliwa na mtu mwingine.

Mama apumzike, na amani aliyoitafuta kwa kaka yake, aikute huko aendako.