Mkungu Nilioubeba kwa Wivu

Ndugu zangu wa Nkunga, jina la Bwana litukuzwe kwa kunisimamisha mbele yenu leo. Mnanifahamu. Nilifundisha shule ya hapa mpaka nilipostaafu, na sipendi maneno yasiyo na mwenyewe. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyatenda mimi.

Nilianza kuugua wivu kabla sijaugua kiuno. Jirani yangu Asajile alikuwa mwanafunzi wangu, wala hakuwa mwepesi darasani. Serikali ilipofungua biashara, akaanza kununua ndizi na kuzipeleka Dar es Salaam kwa lori. Akaezeka bati jipya, akanunua pikapu. Pensheni yangu haikutosha sabuni na sukari. Mdomoni nilimtakia baraka. Lakini nilipopata habari kwamba lori lake limekwama kwenye matope, nilikunywa chai yangu kwa raha. Ndivyo nilivyokuwa.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, nilikata mkungu mkubwa kuliko yote shambani. Desturi yetu mnaijua: kila mtu huleta mazao madhabahuni, kisha yananadiwa. Sikuwa namtolea Mungu. Nilitaka mkungu wangu uushinde wa Asajile. Pale mlangoni mwa kanisa, Asajile akiwa nyuma yangu, aliniambia, "Mwalimu, niachie upande mmoja, huu ni mzito."

Nikamjibu, "Nilibeba ndizi kabla hujazaliwa."

Nikauinua begani peke yangu. Katikati ya kanisa maumivu yakanichoma kiunoni ghafla, nikaanguka pamoja na ndizi zangu. Mliniona.

Nililala nyumbani siku nne. Ndugu zangu, matibabu sasa si bure, yanachangiwa, nami niliogopa kwamba kadi, dawa, na pengine kupigwa picha, vingemmeza ng'ombe wangu mmoja. Tena niliogopa jambo baya zaidi: Asajile asije akanilipia.

Siku ya nne akaja shemeji yangu, mama Tupoke, mdogo wake mke wangu. "Watu wanasema Asajile amekuroga," akaniambia. "Wazee wa kanisa watamwita Jumapili. Huenda wakamtenga."

Nakiri kwamba nilifurahi. Lakini mazoea ya ualimu yakanisukuma. "Watu gani? Nani aliyesema kwanza?"

"Shemeji, usinihoji kama mtoto wa darasa la pili. Si wewe mwenyewe? Dada alipokuwa akikukanda kwa maji ya moto, nami nipo hapo hapo, ulisema, 'Maumivu haya yameanza Asajile aliposimama nyuma yangu.'"

Mimi niliyewachapa watoto kwa kueneza habari zisizothibitishwa, nilikuwa nimeitengeneza moja kitandani, kisha nikafurahi iliponirudia. Nilimlilia Bwana anisamehe. Nikawaandikia wazee barua ya kweli, kisha nikaagiza Asajile aitwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, nikuroge saa ngapi?" akasema. "Ndizi zinaniivia barabarani." Halafu akainamisha uso. "Lakini mke wangu amelia siku mbili. Kisimani wanawake wanamkwepa."

Akanibeba, akanilaza kwenye pikapu, akanipeleka hospitali Tukuyu. Daktari alinipapasa kiuno, akasema msuli umevutika. Akanipa vidonge na dawa ya kuchua, akaniagiza nipumzike. Nililipa mwenyewe, wala ng'ombe hakuuzwa. Hofu yangu yote ilikuwa bure!

Maumivu yaliniacha baada ya majuma matatu. Wivu ulikuwa na mizizi mirefu zaidi, na Bwana bado anaing'oa. Lakini ule uliotaka kumwangamiza jirani yangu ameuondoa. Ndaga fijo, Bwana wangu, asante sana.

Ndugu zangu, aliyewaambia kwamba Asajile ni mchawi ni mimi, nami nilisema uongo. Kama yupo hapa anayeumwa na mafanikio ya mwenzake, amtegemee Kristo, aje tuombe pamoja. Ila kabla hajapiga magoti hapa mbele, apite kwanza benchi la tatu, upande wa akina mama, ampe mkono mke wa Asajile. Mimi natangulia.