Vidonge Nilivyovimwaga Madhabahuni

Asifiwe Bwana aliyeniachia Editha! Ndugu zangu, wengi mnanijua, mimi ni Yusta wa magauni, pale Mchikichini. Leo nasema jambo ambalo nusu yake mliiona kwa macho yenu, mkapiga makofi. Nusu ya pili hamkuiona.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa darasa la sita. Niliacha shule nikauza mitumba ili mdogo wangu Editha asome. Katika kazi yangu macho ndiyo futi: ukipita mbele yangu, najua saizi ya gauni lako. Kwa hiyo hakuna aliyeuona wembamba wa Editha kabla yangu.

"Yusta, huyo mtoto unamlisha upepo?" jirani yangu wa meza alikuwa akiniuliza, na watu wanacheka. Wengine hawakucheka. Walitazamana tu, nami nilijua wanachowaza: kilichowachukua wazazi kimebaki kwa mtoto. Tulikuwa tumepima, hakuwa na kitu. Lakini majibu ya hospitali huwezi kuyavaa kifuani ukatembea nayo.

Kariakoo kuna mama anauza vipodozi, na chini ya meza anauza vidonge vya kunenepesha, vimefungwa kwenye nailoni bila jina. "Mpe kila siku, dada'angu," aliniambia. "Mwezi hauishi utamtafutia saizi nyingine."

Editha alisema, "Dada, mimi siumwi." Nikamwambia, meza. Alimeza kwa sababu mimi ndiye baba yake na mama yake.

Alinenepa! Uso ukawa duara, mashavu yakajaa. Jirani yangu akapaza sauti sokoni, "Haya, sasa huyu ndiyo mtu, siyo henga ya nguo!" Nilicheka, nikanunua vingine.

Ulipokaribia kwisha mwaka, magauni yakaanza kumkataa. Kubwa linabana tumboni, huku mikono ya gauni inapwaya, maana yake imekonda kama ya mtoto. Tumbo lilikuwa na michirizi ya zambarau kama aliyechapwa. Ngazi za nyumba yetu alizipanda kwa kushika ukuta. Nimevalisha watu wa kila namna, mwili kama ule sijawahi kuuona. Hapo nikaogopa.

Jumapili ile Mchungaji alihubiri juu ya kumtegemea Mungu. Mnakumbuka. Nilitoka mbele nikilia, nikavimwaga vidonge vyote kwenye ndoo ya maji, hapa hapa niliposimama. Mlishangilia! Nilirudi kwenye kiti kama mtu aliyetua belo la mitumba kutoka kichwani.

Jumanne Editha akaanza kutapika. Jumatano hakuweza kusimama. Mama Shukuru wa maombi, ambaye ananipenda kweli, akaja akasema, "Usihangaike, Yusta. Sumu inatoka, anafunguliwa." Niliamini kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Alhamisi mchana nilimkuta Editha sakafuni, amelowa jasho la baridi, hanitambui.

Mtaa wetu mchana gari halipiti kwa meza za wachuuzi. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa mzee mmoja mbeba mizigo, juu ya magunia matupu. Mzee akapiga kelele, "Mgonjwa! Pisheni, mgonjwa!" Watu wakamjibu, "Kila siku una mgonjwa, wewe!" maana wenye mikokoteni husema lolote ili wapishwe. Walipouona mkono wa Editha unaning'inia, wakavuta meza zao.

Daktari alikuwa binti, mdogo kwangu. Aliutazama uso wa Editha, akafunua tumbo. "Alikuwa anameza vya kunenepesha?"

"Ndiyo. Ameacha."

"Nani alimwachisha?"

"Mimi. Kanisani."

"Kwa siku moja?"

"Kwa siku moja, daktari."

Hakunigombeza. Alimchoma sindano kwenye mshipa, akamtundikia maji, kisha akanieleza. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo, zimekaa kama kofia. Kila siku zinatengeneza homoni inayoshikilia presha na sukari, inayomwezesha mtu kuinuka akiugua au akipata mshtuko. Tezi nyingine, chini ya ubongo, ndiyo inayozipa amri. Vile vidonge vilikuwa vinafanana na homoni hiyo. Ubongo ukaona imejaa, ukaacha kuamuru, na tezi zikalala, zikasinyaa.

"Ulipovimwaga," alisema, "hakuwa na ya kidonge, na hakuwa na ya kwake."

Ndugu zangu, nilimuua mara mbili kwa upendo. Mara ya kwanza kwa kumpa, mara ya pili kwa kumnyima. Na sindano iliyomrudisha ilikuwa ya jamii ile ile ya vidonge nilivyovimwaga mbele ya Bwana!

Mchungaji alikuja wodini. Akaniambia, "Ukawaambie mwenyewe." Ndiyo maana nimesimama.

Sasa kila asubuhi nakata kidonge cha hospitali kwa wembe, kama daktari alivyoagiza. Kilikuwa kizima, kikawa nusu, leo ni robo. Huenda tezi zitaamka, huenda hazitaamka. Daktari hakuniahidi. Nyonga inamuuma, maana vidonge vile hula hata mfupa, na shule imesimama.

Lakini yu hai! Namshukuru Mungu aliyeziweka tezi hizo nisizozijua, na aliyempa binti yule macho. Mtegemeeni! Na kama nyumbani una vidonge visivyo na jina, usije kuvimwaga hapa. Vitie mkobani pamoja na anayevimeza, mwende hospitali kesho. Njoo mezani kwangu, nitafunga biashara nikusindikize.

Editha yupo kule nyuma. Ameketi, kwa sababu kusimama kunamchosha. Asubuhi hii amemeza robo yake. Tafadhali msimpigie makofi. Mwombeeni tezi ziamke.